Joto la Maskati au baridi ya Minnesota: mwili unateseka wapi zaidi?

Tarehe 26 Juni 2018 nililala Quriyat, mji wa wavuvi ulio kusini-mashariki ya Maskati, mji mkuu wa Oman, ambako kampuni iliyoniajiri ilikuwa na mjengo. Usiku ule joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selisiasi. Usiku, jua limeshazama, saa ambazo kwetu Tanga watu huwa wameshatoka barazani kupunga upepo. Baadaye ikatangazwa kwamba duniani kote haijawahi kupimwa siku ambayo kiwango chake cha chini kabisa kilikuwa juu kiasi kile.

Miezi saba baadaye, tarehe 30 Januari 2019, nilikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, nimesimama dirishani natazama barabara isiyo na mtu. Asubuhi ile joto lilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na ukitia upepo, ngozi ilihisi hasi 48. Shule zilifungwa. Posta ilisitisha kupeleka barua majumbani. Kati ya usiku ule na asubuhi ile kuna tofauti ya nyuzi 76 hivi, na mwili ulioyapitia yote mawili ni huu huu mmoja, uliolelewa na kaskazi na kusi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita mtoto wa mama mdogo alinipigia simu. Ni fundi umeme, kijana wa miaka 26. Mkononi ana mkataba wa miaka miwili wa kazi Oman, na pia chuo kimoja cha Minnesota kimemkubali. Akaniuliza, "Kaka, mshahara tuuweke kando, ada tuiweke kando. Mwili utateseka wapi zaidi?"

Nilimjibu papo hapo: nenda kwenye baridi. Baridi unaivalia nguo, joto ukishavua shati huna cha kuvua tena. Akashukuru, tukaagana. Usiku nikaanza kujiuliza kama nimemtendea haki, maana jibu lile ni kweli kwa mtu wa aina fulani tu. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, na namwambia yeyote mwenye uamuzi kama wake.

Tuanze na mwili

Ndani ya mwili joto ni nyuzi 37, na mwili hupigana usiku na mchana libaki hapo. Hewa ikiwa ya ubaridi kuliko ngozi, joto la ziada linajitokea lenyewe. Hewa ikivuka nyuzi 35 hivi, mlango huo unafungwa na unabaki mmoja tu: jasho. Na jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na karibu kilokalori 580 za joto. Lita hiyo hiyo ikidondoka sakafuni umepoteza maji na chumvi bure.

Ndiyo maana namba ya joto peke yake inadanganya. Nyuzi 45 za Nizwa, ndani ya nchi, ambako hewa ni kavu, niliziweza kuliko nyuzi 38 za Maskati siku ambayo bahari imeleta unyevu. Nizwa shati linakauka mgongoni. Maskati unatoka kwenye gari, miwani inaingia ukungu, na kabla hujafika mlangoni umelowa kama mtu aliyenyeshewa, na jasho halina pa kwenda.

Wanasayansi wana njia nzuri ya kupima hali hiyo: wanakifunga kipimajoto kwa kitambaa kibichi na kuangalia hewa inaweza kukipoza kiasi gani. Kipimo hicho kikisoma 35, hata kijana mwenye afya aliyekaa kivulini, maji yapo pembeni, hawezi kujipoza, na akikaa saa kadhaa anakufa. Hiyo ndiyo hesabu ya nadharia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State waliwapima vijana wazima wakifanya shughuli nyepesi, wakakuta mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31 penye unyevu mwingi. Pwani za Ghuba zimeshaigusa hata ile 35, kwa muda mfupi mfupi.

Baridi nayo ina ukatili wake, lakini wa namna nyingine. Mwili ukihisi baridi kali unaitoa damu kwenye vidole, masikio na pua, unaipeleka kwenye moyo na figo. Ni kama mwenye nyumba anayeacha baraza liungue ili aokoe chumba cha watoto. Kisha unatetemeka, na kutetemeka ni kazi inayozalisha joto. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kusema ovyo, anajikwaa, na kibaya zaidi anapoteza akili ya kujua kwamba yuko hatarini. Upepo ukifanya ngozi ihisi hasi 28, sehemu iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa. Kwa hasi 48 ya asubuhi ile ya Januari, dakika tano zinatosha.

Hata hivyo, Yakutsk iko Siberia, mji wa watu zaidi ya 300,000, na wastani wa Januari ni karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Watoto wanakwenda shule. Wauza samaki sokoni wanawapanga samaki walioganda, wima kama kuni. Mwanadamu ameishi kule karne na karne kwa manyoya, moto na chakula cha mafuta. Lakini pale ambapo kile kitambaa kibichi kinasoma 35 hakuna nguo, hakuna chakula wala ujasiri utakaokusaidia. Kinachosaidia ni mashine, au kuondoka. Hii ndiyo sehemu ya jibu langu la haraka ambayo bado naisimamia.

Kwa ngozi zetu nina neno la ziada. Tafiti za jeshi la Marekani, tangu Vita vya Korea, zinaonyesha kwamba askari weusi huganda vidole mara kadhaa zaidi ya weupe katika baridi ile ile. Mishipa midogo ya vidole hujibana kwa nguvu na huchelewa kufunguka. Kwa hiyo jirani Mzungu akikuambia, "Leo si baridi sana, glovu za nini," usimfuate. Mimi majira yangu ya kwanza ya baridi nilidondosha glovu moja kwenye basi nikaona si neno. Nilisubiri basi la pili dakika ishirini hivi. Ncha ya kidole cha mwisho ikawa nyeupe kama mshumaa, haina hisia. Nikafanya kosa la pili nyumbani: nikakiweka chini ya maji ya moto. Kidole chenye ganzi hakijui kwamba kinaungua. Kinatakiwa maji ya uvuguvugu tu, ya joto la mwili au zaidi kidogo, na kisisuguliwe. Mpaka leo kidole hicho ndicho cha kwanza kuniuma Oktoba inapoingia.

Kuzoea

Hapa joto lina fadhila ambayo baridi haina. Ukikaa kwenye joto wiki moja hadi mbili, ukifanya kazi kidogo kidogo, mwili unabadilika kweli: jasho linaanza mapema, linatoka jingi, lina chumvi kidogo, na moyo haukimbii tena kama mwanzo. Mtu wa Tanga, Mombasa au Lodwar anaanza akiwa na mtaji fulani.

Ila mtaji huo unahitaji siku za kukua, na siku hizo ndizo zinazoua. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Wanashauri mgeni afanye asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Mjengo wa Ghuba unaofuata utaratibu huo, mwenyewe sikuwahi kuuona. Vijana walishuka kwenye ndege alfajiri, kesho yake wamebeba nondo.

Baridi mwili hauizoei kwa kiasi hicho. Kinachozoea ni kabati la nguo na akili: unajifunza kuvaa tabaka tabaka, kutotoka na nywele mbichi, kukagua hali ya hewa kabla ya kuswaki. Kwa hiyo ukienda Oman, fika Novemba, upande na joto polepole. Ukienda Minnesota, fika Agosti. Majani yataanguka mbele ya macho yako, nawe utakuwa umeshanunua buti kabla theluji haijafika.

Kazi gani, na nani anashika rimoti

Swali la hali ya hewa peke yake haliamui. Mtu anayekaa ofisini Maskati analiona joto kwenye mwendo wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Mtu anayejenga ofisi ile analila joto mchana kutwa. Hao wawili hawaishi mji mmoja.

Nchi za Ghuba zimeweka sheria za kusimamisha kazi za nje mchana. Oman ni kuanzia Juni hadi Agosti, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu. Kuwait inasimama saa tano hadi saa kumi. Qatar tangu 2021 inaanza mapema zaidi, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Ni sheria nzuri na zimeokoa watu. Kasoro yake ni kwamba nyingi zinaangalia saa na kalenda, na joto halina saa.

Mwenzetu mmoja mjengoni alianguka saa nne asubuhi, mwezi wa Mei, kabla ya msimu wa marufuku kuanza. Alikuwa ameshaacha kutoka jasho, ngozi inawaka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Msimamizi akasema apewe maji apumzike kidogo atarudi kazini. Mzee mmoja wa Kerala aliyekuwa akipika chai ndiye aliyemjua: akamvuta kivulini, akamvua, akammwagia ndoo za maji ya barafu iliyokuwa ya kuhifadhia vinywaji, sisi wengine tukipepea kwa maboksi. Alipona. Hicho ni kiharusi cha joto, mwili ukiwa umevuka nyuzi 40, na dawa yake ni kupozwa hapo hapo, kwa maji na barafu, kabla hata gari la wagonjwa halijafika. Kama huwezi kukumbuka lolote katika maandishi haya, likumbuke hilo.

Wengine hawakupona. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wafanyakazi wa Nepal waliofia Qatar kati ya 2009 na 2017, wengi wao vijana. Waliotajwa kufa kwa moyo walikuwa 571, na vifo hivyo vilipanda miezi ya joto. Watafiti wakakadiria kwamba hadi 200 kati ya hao wangeweza kuokolewa kwa kinga ya kweli dhidi ya joto. Ukisikia kijana wa miaka 28 "amefariki usingizini" kule, uliza ilikuwa mwezi gani.

Kazi ya nje kwenye baridi nimeifanya pia, kusafisha theluji kwenye maegesho usiku. Ni ngumu, mgongo unauma, pumzi inaganda kwenye skafu. Lakini kazi yenyewe inakupa joto. Ukitembea, ukichimba, ukibeba, mwili unajitengenezea moto wake, na tulipochoka tuliingia kwenye gari tukawasha hita. Kwenye joto ni kinyume chake: kila unavyojituma ndivyo unavyojiua. Mchapakazi ndiye anayetangulia kuanguka. Hiyo kwangu ndiyo dhuluma kubwa ya joto, kwamba linamwadhibu mtu kwa bidii yake, na linamfanya aombe ruhusa ya kupumzika kwa mtu mwingine. Koti langu la Minnesota sikumwomba mtu. Kivuli cha Oman nilimwomba msimamizi.

Halafu usiku. Bwenini tulilala sita chumba kimoja, kiyoyozi kimoja, na rimoti ilikaa kwa mlinzi. Alikizima saa kumi na moja alfajiri ili kuokoa umeme. Usiku ule wa Quriyat kilikufa chenyewe saa saba. Tukalowesha mashuka, tukamwaga maji sakafuni, tukalala juu ya vigae. Maji yenyewe yalikuwa ya moto, maana matangi yako juu ya dari na jua linayachemsha kutwa. Wenyeji wana ujanja wao: miezi ya joto wanaizima boila, maji yake yaliyokaa ndani ya nyumba yanapoa, na bomba la "moto" ndilo linalotoa maji ya baridi. Sisi bwenini boila hatukuwa nayo.

Umeme ukikatika

Miji yote miwili inaishi kwa mashine, na mashine hufa. Septemba 2022 umeme ulikatika sehemu kubwa ya Oman, Maskati ikiwemo, watu wakakimbilia kwenye magari kuwasha viyoyozi. Februari 2021 Texas, jimbo lisilojiandaa kwa baridi, lilipigwa na dhoruba ya barafu. Zaidi ya nyumba milioni nne zikakosa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246.

Baadhi ya waliokufa Texas hawakuuawa na baridi yenyewe. Waliwasha jenereta, gari au jiko la mkaa ndani, wakavuta kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hapa sisi tunapaswa kusikiliza kwa masikio yote mawili, kwa sababu ndicho kifo chetu wenyewe. Kule Makete na Njombe mwezi wa Julai, Limuru na Nyandarua pia, kuna familia zinaingiza jiko chumbani, zinafunga dirisha, zinalala, haziamki. Ukihamia nchi ya baridi, mazoea hayo yaache uwanja wa ndege. Nunua king'ora cha gesi hiyo, kitundike karibu na vyumba vya kulala.

Umeme ukiwa haupo, nyumba ya baridi ina subira zaidi. Mna mablanketi, mnakusanyika chumba kimoja, mnavaa kila mlicho nacho, na saa kadhaa zinapita. Nyumba ya kisasa ya Ghuba, vioo na zege, inageuka tanuri upesi. Bibi mmoja wa Maskati, mzaliwa wa Pemba aliyehamia Oman miaka ya sabini, alinisimulia walivyoishi alipofika: kulala juu ya paa, mashuka yaliyoloweshwa, na wenye uwezo kuhamia mashamba ya mitende ya Nakhal msimu wa tende. "Nyumba za zamani zilikuwa na kuta nene, mwanangu, zikihifadhi ubaridi," aliniambia. "Hizi za sasa zinahifadhi moto." Nikazikumbuka nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu, vichochoro vyembamba visivyoona jua. Wazee wetu walijua.

Jambo moja la Minnesota nililipenda: kuanzia Oktoba mosi hadi mwisho wa Aprili, sheria ya jimbo inamlinda mteja asikatiwe huduma ya kupasha nyumba moto ikiwa amekubaliana na kampuni mpango wa kulipa na anaufuata. Ukifika, ijue. Wageni wengi wanakaa kwenye nyumba ya baridi kwa aibu ya deni wakati sheria iko upande wao.

Takwimu za vifo

Utaambiwa baridi inaua zaidi, na ni kweli kwa takwimu. Utafiti uliotoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet ulichambua vifo zaidi ya milioni 74 kutoka maeneo 384 ya nchi 13. Baridi ilihusishwa na asilimia 7.29 ya vifo, joto asilimia 0.42. Lakini soma ndani: sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na ubaridi wa kawaida, ule unaodumu miezi, unaopandisha presha ya wazee na kuleta nimonia katika nyumba zisizo na moto. Nyuzi kali kabisa, za joto na baridi kwa pamoja, zilibeba asilimia 0.86 tu. Kwa hiyo swali la mzee wako si kama Minnesota kuna hasi 30. Ni kama chumba chake kina moto wa kutosha siku za kawaida, na huko kwa kawaida upo. Chumba cha Makete mara nyingi hauko.

Joto linaua kwa namna ya ghafla. Chicago, Julai 1995, watu 739 zaidi ya kawaida walikufa katika siku chache, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Hija ya 2024, Makka ikiwa imefika nyuzi 51.8, Saudia ilitangaza vifo 1,301, na wengi wao walikuwa mahujaji wasio na vibali, yaani wasio na mahema yenye viyoyozi. Ni lile lile la rimoti.

Roho

Hapa ndipo baridi inaponishinda, na siwezi kumficha mdogo wangu. Mwisho wa Desemba Minneapolis jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Majira yangu ya pili, Februari, nilikuwa nalala muda wa saa kumi na moja kwa siku na bado naamka nimechoka, sitaki simu ya mtu, hata ya mama. Nilidhani ni uvivu, au jicho la mtu. Ni ugonjwa unaojulikana, daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza mwaka 1984, huzuni inayokuja na giza la majira. Dawa yake ya kwanza ni mwanga: taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), nusu saa kila asubuhi. Ilinisaidia ndani ya wiki mbili. Vitamini D nayo muombe daktari akupime, ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza na jua lenyewe halipo.

Maskati nilichoka mwili, sikuwahi kuchoka roho vile. Baada ya Isha mji unafunguka. Watu wanatembea ufukweni Matrah, kahawa na tende zinazunguka, na sokoni ukisikia mzee anapatana bei kwa Kiswahili cha Unguja unampa shikamoo na anakuitikia marahaba kama mko Darajani. Joto linawaficha watu mchana na kuwarudisha usiku. Baridi inawaficha Novemba, inawarudisha Aprili.

Minnesota wapo watu wetu wengi, Wakenya, Wasomali, Wakongo, lakini kila mmoja yuko nyuma ya mlango wake. Jirani unaweza kumwona kwa mara ya kwanza theluji ikiyeyuka. Unalazimika kujipangia watu kama unavyojipangia dawa: Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, Jumamosi chapati kwa fulani. Usipopanga, hawaji.

Mengine kwa kifupi. Gari: joto linaua betri kimyakimya, baridi inaigomesha asubuhi unayochelewa. Mavazi: Oman pamba nyepesi inatosha, Minnesota tenga fedha ya buti na koti la kweli kabla ya kununua televisheni. Kuanguka kwenye barafu ni hatari kuliko inavyosikika, hasa kwa mwenye umri. Na Minneapolis mwenye nyumba anatakiwa kuondoa theluji mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka. Beleshi linanunuliwa Oktoba, Desemba yameisha dukani.

Ukipanga kuishi miaka ishirini, tazama pia dunia inakoelekea. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Baridi inalegea. Joto la Ghuba linapanda.

Nani aende wapi

Kama kazi yako ni ya nje na ya nguvu, chagua baridi, bila kusita. Kama kazi ni ya ndani, una chumba chako, na kiyoyozi ni chako, Maskati ni pepesi kuliko wanavyosema, na miezi ya Desemba hadi Februari kule ni kipupwe kitamu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya presha, asiende kwenye joto kabla ya kuongea na daktari wake. Mwenye pumu inayochokozwa na baridi, au aliyewahi kuzama kwenye huzuni nzito, afikirie mara mbili kuhusu Minnesota, na akienda asiende mahali asipokuwa na mtu. Mama mwenye watoto wadogo, mimi ningempeleka kwenye baridi: mtoto unaweza kumvalisha.

Jana nilimpigia tena mdogo wangu. Nikamwambia nimebadilisha jibu, na kwamba jibu jipya ni swali. "Kwenye huo mkataba wa Oman, utafanya umeme wa ndani ya majengo yaliyokwisha, au wa mjengoni? Na chumba utakacholala, rimoti anashika nani?"

Akanyamaza. Nikasikia karatasi zinafunguliwa.

"Imeandikwa malazi yatatolewa," akasema. "Basi, haikuandikwa zaidi ya hapo, kaka."

Nikamwambia awaandikie leo leo awaulize, kabla hajatia sahihi, na jibu watakalotoa anitumie nilisome.